Simu haikuwa imekwisha: kisa cha betri iliyovimba Mwaloni

Mteja ni mama anayefanya biashara ya dagaa. Ana meza soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na mzigo wake huuanika Igombe, kando ya ziwa. Simu yake ni Android ya bei ya kati, aliinunua mpya, betri yake ni ya mAh 5,000 (kipimo cha ujazo wa betri), na ilipofika kwenye meza yangu ya ufundi simu ilikuwa imepita miaka mitatu. Malalamiko yalikuwa manne. Haikai na chaji. Inajizima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Tachi inajibonyeza yenyewe simu ikiwa kwenye chaji. Na kioo kimeanza kuachana na fremu upande mmoja. Alikuwa ameshapita duka moja mjini, akaambiwa simu imekwisha, aongeze hela achukue nyingine.

Simu haikuwa imekwisha. Kilichokufa ni betri peke yake, na wala haikufa kwa uzee, maana miaka mitatu peke yake haiivimbishi betri iliyotunzwa. Iliuawa na joto ikiwa imejaa, siku nenda siku rudi, na karibu kila kilichoiua ni jambo ambalo mwenye simu alilifanya kwa nia ya kuitunza. Hapo ndipo kisa hiki kinaponigusa. Huku ukanda wa ziwa kuna simu nyingi zimelala kwenye makabati zikiwa na bodi nzima, kioo kizima na kamera nzima, kwa sababu ya kipande kimoja kinachobadilishwa ndani ya saa moja. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote unapita kwenye simu, kununua nyingine kila baada ya miaka mitatu ni hela inayochomolewa kwenye mzigo.

Kutenganisha ubovu

Dalili ya kwanza haihitaji kifaa. Niliilaza simu chali juu ya meza, nikaisukuma pembe kwa kidole, ikazunguka. Simu yenye mgongo bapa haizunguki hivyo. Mgongo ulikuwa umetuna, yaani betri imevimba, na hilo peke yake linaeleza kwa nini kioo kinaachana na fremu.

Fundi mwenye haraka angeishia hapo. Lakini simu kujizima kwenye asilimia 30 kunaweza kuletwa na betri iliyochoka, au na bodi inayovuta umeme kupita kiasi. Tachi kujibonyeza nako kuna njia mbili: betri inayokisukuma kioo kwa ndani, au chaja mbovu. Usipotenganisha, utamuuzia mteja betri, na wiki ijayo atarudi na ugonjwa uleule.

Nikafungua mgongo kwa joto la taratibu. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 3.8, kiwango cha betri ambayo bado ina chaji ya kutosha. Nikawasha kamera kwa sekunde chache, mwanga wa kioo ukiwa juu kabisa: volti ikaporomoka hadi 3.3 na simu ikazima. Kisha nikaiondoa betri na kuilisha bodi umeme wa pawasaplai, kifaa cha mezani kinachotoa volti unayoipanga na kuonyesha umeme unaovutwa, kwa volti 4. Kamera, video, kupiga simu, intaneti, vyote vilikwenda bila kukatika. Nilipoizima simu, pawasaplai ikasoma sifuri, maana yake hakuna umeme unaovuja kwenye bodi. Bodi ilikuwa safi.

Kinachotokea ndani ya betri ya namna hii ni kwamba ukinzani wake umepanda. Ni tenki lenye maji ambalo bomba lake limejaa kutu: ukifungulia kidogo yanatoka, ukiyataka mengi kwa mkupuo hayaji. Kamera inataka umeme kwa mkupuo. Kioo kilichowashwa mwisho kwa sababu ya jua kinautaka. Simu inayotafuta mtandao katikati ya ziwa inautaka zaidi. Volti inaanguka ghafla, simu inaona hatari na kujizima, na mwenye simu anaona asilimia 30 iliyomdanganya.

Hali hiyohiyo ndiyo iliyoifanya Apple mwaka 2017 ikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisijizime ovyo. Kelele zilikuwa kubwa, na mwaka 2018 kampuni ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Ikiwekwa betri mpya, simu inarudia kasi yake. Watu walikuwa wanatupa simu wakidhani zimezeeka kichwa, kumbe zilikuwa na njaa ya umeme. Nalisema hili kwa sababu neno "simu imekwisha" hutamkwa kirahisi sana dukani, na mara nyingi anayelitamka hajafungua mgongo wa simu.

Siku ya simu

Kabla ya kuweka betri mpya nilitaka kujua ya zamani imeishi vipi, kwa sababu mpya ingerudi kwenye maisha yaleyale. Nikamwomba anieleze simu inavyoshinda tangu alfajiri.

"Naichomoa kwenye chaji saa kumi na moja, imejaa," akasema. "Inalala chini ya mto, mwanangu, ndiyo usalama wake."

"Na waya umechomekwa usiku kucha?"

"Usiku kucha. Nikienda Igombe naiweka juu ya jiwe nianike dagaa, pawabenki iko nayo. Sitaki ishuke kabisa. Wateja wa ng'ambo wakipiga wasinipate, wanampigia mwingine."

Nikamuuliza kuhusu lile kava nene la ngozi la kufunika na kufunua, ambalo ndani yake alikuwa anahifadhi risiti na noti. Akasema anaikinga na vumbi, magamba na maji. Juu ya kava, wakati wa kazi, kulikuwa na kifuko cha plastiki cha kuzuia maji. Na kila Jumapili, kwa ushauri wa kijana wake, anaiacha itumike mpaka izime kabisa, kisha anaichaji kwa saa nane bila kuigusa, "ili betri izoee".

Akitaka mzigo mkubwa anavuka kwenda visiwani, na huko simu huingia kwenye vibanda vya kuchajia vya sola, ambako hupangwa pamoja na nyingine nyingi chini ya bati.

Betri huchakaaje

Betri hizi za lithiamu-ioni Sony ndiyo iliyoziingiza sokoni mwaka 1991, na John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyozizaa. Ndani kuna pande mbili: upande wa oksidi yenye kobalti na upande wa grafiti, na kati yake kimiminika. Ukichaji, ioni za lithiamu huhamia kwenye grafiti. Ukitumia, hurudi zilikotoka. Tangu chaji ya kwanza kabisa, juu ya grafiti hujijenga utando mwembamba. Utando huo ni wa lazima, bila huo grafiti na kimiminika vingeendelea kulana. Lakini hauachi kunenepa, na kila unaponenepa humeza lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Hivyo ndivyo uwezo unavyopungua na ukinzani unavyopanda.

Joto linaharakisha kunenepa huko. Betri kujaa pomoni kuna madhara yake pembeni: volti ikiwa juu, kimiminika huanza kuharibika, na kikiharibika kinatoa gesi. Betri ya simu imefungwa ndani ya mfuko wa karatasi ya alumini, gesi haina pa kutokea, basi inatuna. Vyote viwili vikikutana, joto na kujaa, kazi inakwenda kwa kasi ambayo kimoja peke yake hakiwezi.

Takwimu zinazojulikana zaidi kwa mafundi ni za Battery University, mafunzo ya betri ya kampuni ya Cadex ya Kanada. Betri iliyowekwa tu mwaka mzima bila kazi kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji asilimia 40 hubaki na asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwekwa imejaa, hubaki na 80. Kwenye nyuzi 40, ile ya asilimia 40 hubaki na 85, na iliyojaa hubaki na 65. Soma tena hiyo ya mwisho: betri haijatumiwa hata mara moja, imekaa tu, imejaa, kwenye joto, na ndani ya mwaka imepoteza zaidi ya theluthi.

Sasa irudishe Igombe. Hewa ya Mwanza si ya kutisha, mchana inazunguka nyuzi 28 hivi, na ziwa linaipooza. Lakini simu haikuwa kwenye hewa. Ilikuwa juu ya jiwe, na mawe yetu haya ya matale yanashika jua tangu asubuhi na kulihifadhi hadi jioni. Ilikuwa ndani ya ngozi, ndani ya plastiki, imeunganishwa na pawabenki inayochaji, kwa sababu kuchaji nako kunazalisha joto. Na ilikuwa na asilimia 100 muda wote, kwa kuwa pawabenki haikuiruhusu kushuka. Usiku hali ilikuwa ileile kwa sura nyingine: chini ya mto, imejaa tangu saa sita, ikiendelea kulishwa hadi alfajiri. Simu hii haikuwahi kupumua.

Kuhusu Jumapili ya kuimaliza mpaka izime, ushauri huo una asili yake. Betri za zamani za nikeli-kadmi zilikuwa na tabia ya kuzoea kiwango kidogo cha matumizi, na kuzimaliza kulizisaidia. Simu za leo hazina betri hizo. Kwa lithiamu, kuimaliza kabisa ni kuichosha bure. Na zile saa nane za kuichaji bila kuigusa ni masalia ya enzi zilezile. Simu inakata yenyewe ikijaa, kisha inaongezewa kidogokidogo, kwa hiyo saa za ziada zinaishikilia kileleni tu, na kileleni ndipo panapoumiza.

Watu huniuliza pia kama kuchomeka mara nyingi kwa siku kunaharibu. Hapana. Mzunguko mmoja huhesabiwa umeme wa asilimia 100 ukishatumika kwa jumla: ukitumia 50 leo na 50 kesho, huo ni mmoja. Vipande vidogo vya chaji ni vyema kuliko kuishusha chini kabisa na kuipandisha juu kabisa. Apple husema betri zake hubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 kwa iPhone 14 na za kabla yake, na mizunguko 1,000 kuanzia iPhone 15, kwa matumizi yanayofaa. Kwa anayetumia mzunguko mmoja kwa siku, 500 ni kama mwaka mmoja na nusu. Kwa anayetumia nusu, ni karibu miaka mitatu. Huyu mama hakuwa mtumiaji mkubwa. Kwa hesabu ya mizunguko peke yake, betri yake ilipaswa kuwa bado ina nguvu.

Betri mpya

Kuna jambo sitalinyamazia. Wapo wanaotoboa betri iliyovimba kwa sindano gesi itoke, kisha wanaibana na gundi na kuirudisha. Usikubali, hata kama ni bure. Kimiminika cha ndani kinawaka, na kutoboa kunaweza kugusanisha pande mbili ambazo hazipaswi kugusana. Dunia iliona mwaka 2016 jinsi kasoro ndogo ndani ya betri za Galaxy Note 7 zilivyowasha moto hadi Samsung ikazirudisha zote na kuacha kuzitengeneza. Na kile kinachoitwa kubusti, yaani kulazimisha umeme kwenye betri iliyokufa hadi ionekane imeamka, ni cha kuogopwa vilevile: ikishashuka chini sana, shaba ya ndani huyeyuka na kuota mahali pasipostahili, na chaji inayofuata inaweza kuwa ndiyo ya moto. Betri iliyovimba inatolewa, unazibwa mdomo wake wa kuunganishia umeme kwa selotepu, inawekwa kwenye ndoo ya mchanga mkavu mbali na vitu vinavyowaka. Haitupwi jalalani, haichomwi, na kwa hakika haitupwi ufukweni tunakochotea maji na kuvulia samaki.

Kuchagua betri ya kuweka ndiko kunakoamua kama kazi nzima ina maana. Betri inazeeka hata kwenye boksi, kama zile takwimu zinavyoonyesha, kwa hiyo iliyokaa miaka kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua si mpya hata kama ina nailoni. Natazama tarehe ya kutengenezwa. Natazama uzito: inayojiita mAh 6,000 kwenye umbo la 5,000 huwa nyepesi na huwa ya uongo. Nashuku bei ya kutupa.

Kisha napima kwa kifaa kidogo kinachokaa kati ya chaja na simu na kuhesabu umeme unaoingia. Hapa ieleweke: kifaa hicho kinahesabu umeme wa volti 5, betri ni ya volti 3.85, kwa hiyo mAh zake hazilingani na zilizoandikwa mgongoni. Tumia wati-saa, kipimo cha nishati kinachozidisha mAh na volti. mAh 5,000 kwa volti 3.85 ni wati-saa 19 na robo. Sehemu ya umeme hupotea kama joto njiani, basi betri nzuri iliyoanza sifuri itameza 21 au 22 hivi hadi ijae. Niliyomwekea ilimeza 21. Ingemeza 14 ningeirudisha nilikoinunua. Hii ndiyo mara pekee ninapoimaliza betri kabisa kwa makusudi.

Betri na kazi vilimgharimu chini ya sehemu ya kumi ya bei ya simu aliyokuwa ameonyeshwa dukani.

Baada ya hapo nikaichomeka kwenye chaja aliyokuja nayo, na tachi ikaanza kurukaruka palepale. Kwenye chaja nyingine ikatulia. Basi lalamiko la tatu lilikuwa la chaja: ilikuwa haichuji umeme, na mawimbi yake yalikuwa yanaingia hadi kwenye kioo. Chaja hiyo nilimsihi asiirudie. Tundu la chaji nikalisafisha kwa kijiti cha mbao, simu ikiwa imezimwa, likatoa vumbi na magamba makavu yaliyoshindiliwa humo. Kijiti, si pini: pini inakwangua na kuunganisha visivyopaswa.

Tulichokubaliana

Ushauri unaopingana na kazi ya mtu hauna thamani. Ningeweza kumwambia asiwahi kupita asilimia 80 wala kushuka chini ya 20, na angenisikiliza kwa heshima, kisha asubuhi ya safari ya kisiwani angejaza simu kama kawaida, na angekuwa na haki. Kwa hiyo nilipanga vita kwa uzito wake. Kwanza joto. Pili kukaa imejaa. Kuishia sifuri ni ya tatu. Mengine yote ni madogo.

Juu ya joto sikulegeza kitu. Simu isikae juu ya jiwe wala juu ya gunia juani. Ikae kwenye kapu, chini ya kanga, kivulini, bila kile kifuko cha plastiki isipokuwa yuko kwenye mtumbwi au kivuko. Kifuko bado anakihitaji kwenye maji, tena sasa kuliko zamani, kwa sababu simu ikishafunguliwa gundi ya kiwandani haizuii maji kama mwanzo. Kava la ngozi akalibadilisha na jepesi la raba. Ikiwa ya moto mkononi, isichajiwe kwanza. Niliichunguza kwa namba *#*#4636#*#*, ambayo kwenye baadhi ya Android hufungua ukurasa wa taarifa za betri: ndani ya kava la zamani na pawabenki, kivulini tu, ilipanda hadi nyuzi 44. Nilimwonyesha namba hiyo kwenye kioo, na naamini ndiyo iliyomshawishi kuliko maneno yangu yote. Apple yenyewe inashauri simu itumike kwenye mazingira yasiyozidi nyuzi 35.

Usiku, badala ya kulala kwenye chaji, inachajiwa jioni akiwa anapika na kula, juu ya meza, na inachomolewa anapokwenda kulala. Simu yake ina mpangilio wa kukomesha chaji kwenye asilimia 80, nao ulikuwa umezimwa tangu siku ya kwanza. Tukauwasha. Simu nyingi za miaka ya karibuni zinao, kwa majina tofauti, kwenye sehemu ya betri. Siku za kawaida, kati ya Kirumba na Igombe, asilimia 80 inamtosha hadi jioni, maana betri ni mpya na haitafuti mtandao kwa shida. Siku ya kuvuka kwenda visiwani anauzima mpangilio huo, anajaza mia, na anaondoka. Kujaza mia ukaitumia hapohapo hakuna ubaya wa maana. Ubaya ni kujaza na kuiweka.

Safarini ziwani tumeongeza kitu kimoja: mtandao ukipotea, anaiweka kwenye hali ya ndege mpaka karibu na nchi kavu. Simu inayotafuta mnara usiopatikana hupandisha nguvu ya redio yake, hujipasha moto na kumaliza chaji bila faida. Pawabenki imebaki, ila inaunganishwa simu ikishuka kwenye 30 hivi na kuchomolewa ikifika 70 au 80.

Mbalamwezi ilitupa nafasi ambayo sikuitarajia. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa wakati wa giza, na mwezi ukiwa mpevu kazi hupungua au husimama kwa siku kadhaa. Siku hizo simu haina pilika. Ndizo anazofuta video za WhatsApp zilizojaa, maana hifadhi ikibaki finyu simu inakuwa nzito hata betri ikiwa nzima, na ndizo anazochokonoa tundu la chaji. Na alikuwa na simu ya akiba kabatini, ameizima tangu msiba wa mwaka jana. Hiyo aichaji hadi nusu, aizime, airudishe, na kuiongezea kila baada ya miezi michache.

Alirudi baada ya misimu kadhaa ya giza, akipitia njia zake. Mgongo bapa. Programu ya AccuBattery, ambayo hukadiria uwezo kwa kuhesabu umeme unaoingia, ilikuwa inaonyesha zaidi ya mAh 4,700. Kadirio ni kadirio, lakini betri ya kwanza isingefika hapo kwa maisha aliyokuwa anaipa.

Kitakachoikomesha kweli

Betri sasa inaweza kubadilishwa tena baada ya miaka mitatu au minne, na kioo vilevile. Kisichobadilishwa mezani kwangu ni programu. Mtengenezaji wa simu hii ameshaacha kuipelekea masasisho ya usalama, na simu hii ndiyo inayoshika hela za mama huyu. Kwa sasa WhatsApp inafanya kazi, na itaendelea kwa miaka, maana huyaacha yale matoleo ya Android ya zamani sana tu. Ila matundu ya usalama hayazibwi tena.

Kwa hiyo simu ijayo, itakapofika siku yake, isichaguliwe kwa kamera. Iulizwe itasasishwa hadi mwaka gani. Google ilianza kuahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikafuata na Galaxy S24 mwaka 2024, na Galaxy A16, ambayo ni ya bei nafuu zaidi, imeahidiwa miaka 6. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali: tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa katika soko lake lazima betri zake zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, masasisho yaendelee angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuzwa, na vipuri vipatikane kwa miaka 7. Natamani sana sheria ya namna hiyo iwe ya kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu nasi tunazitumia simu kwa muda mrefu na hela yetu inauma. Akinunua iliyotumika, apige *#06# apate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, aitume kwenda 15090 kabla ya kutoa hela. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu feki Juni 2016, na anayekumbuka foleni za siku zile hatadharau hatua hiyo ya dakika moja.

Kwa hela zake tulifanya jambo jepesi. Huduma za hela kwa simu zinafanya kazi kwa menyu ya namba kwenye simu yoyote, hata kitochi. Laini yenye mtaji ameihamishia kwenye kitochi kinachobaki nyumbani na kutoka siku za kununua mzigo tu. Simu janja imebaki na WhatsApp, picha za dagaa anazowatumia wateja, na laini ya pili yenye hela ya matumizi ya siku.